Sabufa Inavuma? Kabla Hujatoa Hela, Isikilize Kwanza

Zilikuwa zimebaki siku tisa kuingia UE, na chumbani kwetu kulikuwa na kitu kinaguna mchana na usiku. Mmmmmmm. Ilikuwa sabufa yangu, ile niliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, kwa hela ya boom ya mwaka wa kwanza. Kwa miaka miwili ilinipigia muziki bila shida. Tulipoichomeka kwenye laptopu ya rumeti wangu ndipo ikaanza kuguna.

Kwa mtu mwingine ningesema avumilie, atazoea. Lakini rumeti wangu haoni. Anasoma sheria, mwaka wa tatu, na bwenini tunamwita Wakili hata kabla hajaapishwa. Vitabu na kesi zake anazisoma kwa masikio: laptopu yake ina NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti maandishi yaliyoko kwenye skrini. Aliyeianzisha mwaka 2006 ni Michael Curran wa Australia, ambaye naye haoni. Ukimkuta Wakili anasoma unaweza kudhani kompyuta imepandisha mashetani, maana ameiongezea kasi mpaka mimi siambulii hata neno. Yeye anacheka tu, anasema nyie wenye macho mnasoma polepole mno.

Kwa kawaida anatumia spika za masikioni. Sasa semista hii sikio lake la kulia likaanza kutoa usaha, daktari akamkataza kuweka kitu chochote sikioni kwa wiki mbili. Spika za ndani ya laptopu nazo zilikufa zamani, siku chai ilipomwagikia kibodi. Kilichobaki ni sabufa yangu.

Ukisoma kwa kasi ile, sauti inabidi iwe safi. Herufi kama s, f na t hazina nguvu katika usemi wa mtu. Ni upepo tu unaopita mdomoni, lakini mara nyingi ndizo zinazotenganisha neno na neno. Mvumo mzito peke yake hauzifuniki sana. Wetu ulikuwa umebeba na ukali fulani juu yake, kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Siku ya pili Wakili akaniambia kwamba 15 na 50, zikisomwa kwa Kiingereza, zimeanza kufanana masikioni mwake. Mwanafunzi wa sheria anayechanganya kifungu cha 15 na cha 50 si yuko njiani kukamata sapu?

Basi nikafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Nikakimbilia kwa fundi.

Fundi akaifungua, akatikisa kichwa, akasema kapasita zimechoka. Akabadilisha mbili, elfu 15. Akaichomeka palepale mezani kwake, akaweka simu yake kama chanzo cha muziki, ikaimba vizuri kabisa. “Si unaona? Imepona.” Nikalipa, nikaibeba kwa bodaboda, nikaichomeka chumbani kwenye laptopu ya Wakili. Mmmmmmm, ileile. Kesho yake nikanunua waya mpya wa sauti, elfu 3. Mmmmmmm.

Hapo ndipo nilipokaa chini na kujiuliza swali ambalo ningejiuliza kabla ya kupanda bodaboda: kwa nini kwa fundi haikuvuma? Jibu ni kwamba isingevuma pale hata kama asingegusa kitu. Kilichokuwa kinavuma hakikuwa sabufa.

Kuna kazi mbili ambazo hazigharimu hata shilingi, na ningezifanya siku ya kwanza ningekuwa nimeokoa elfu 18. Ya kwanza ni kusikiliza kelele yenyewe inafananaje. Ya pili ni kukata njia katikati.

Tuanze na kusikiliza. Kelele za spika zina koo tofauti, na kila koo linamtaja mwenyewe. Mvumo mzito wa chini, usiopanda wala kushuka hata ukizungusha kitufe cha sauti, karibu kila mara unatoka kwenye umeme wa ukutani. Umeme wetu wa Tanzania ni volti 230, nao hurudia mzunguko wake mara 50 kwa sekunde. Kitu kinachotikisika mara 50 kwa sekunde sikio linakisikia kama mguno mzito sana. Ndiyo maana spika ndogo za laptopu hazivumi kwa namna hiyo: hazina uwezo wa kutoa sauti nzito kiasi hicho hata zikitaka. Sabufa imetengenezwa kwa ajili ya sauti hizo, kwa hiyo inakuletea zote, pamoja na ambazo hukuziomba.

Ukali wa nyuki ni kitu kingine. Huo unatoka kwenye vifaa vinavyokatakata umeme kwa haraka: chaja, kidhibiti cha mwendo wa feni, taa za bei poa. Ukisikia mlio mwembamba unaobadilika kila ukisogeza mausi au ukifungua ukurasa mwingine, hiyo ni kompyuta yenyewe. Shughuli zake za ndani zinavuja na kuingia kwenye njia ya sauti. Mara ya kwanza kuisikia nilishangaa, yaani unasikia mausi inatembea.

Kisha kuna shhhh, kama mvua ya mbali, kuna chakra-chakra, na kuna ile ti-ti-tit ti-ti-tit ambayo kila mtu anaijua. Hizo nitazifikia.

Kukata njia katikati ni hivi. Sauti inasafiri kutoka kwenye programu, inapita kwenye laptopu, inaingia kwenye waya, inafika kwenye sabufa. Badala ya kubahatisha kifaa kimoja baada ya kingine kama nilivyofanya, unakata safari hiyo mahali pamoja na kuuliza: kelele ipo upande gani?

Tulichomoa waya wa sauti kwenye sabufa, upande wa sabufa kabisa, tukaiacha imewashwa. Kimya. Hapo sabufa imetoka kwenye orodha ya watuhumiwa, na kapasita za fundi pia. (Kama ingeendelea kuvuma ikiwa haijaunganishwa na kitu, hapo kweli kapasita za kusafishia umeme zingekuwa za kwanza kushukiwa, na fundi angestahili hela yake. Mvumo wa namna hiyo huwa wa juu kidogo, mizunguko 100 kwa sekunde, kwa sababu umeme ukishapita kwenye daiodi kila mzunguko unatoa mabonde mawili. Ukiifungua sabufa na kuona kapasita imevimba kichwa kama maandazi, huna haja ya kuuliza zaidi.)

Tukarudisha waya, na mwisho mwingine tukauchomeka kwenye simu yangu badala ya laptopu. Kimya, sauti safi. Basi waya ni mzima. Angalizo dogo: ukiacha mwisho wa waya ukining'inia bila kuchomekwa popote, kisha ukagusa ncha yake kwa kidole, sabufa italia vuuum. Hiyo haina maana kwamba waya ni mbovu. Mwili wako ni antena, unaokota umeme wa nyaya zote za chumba na kuumimina kwenye ampu.

Tukarudi kwenye laptopu. Mmmmmmm. Halafu Wakili mwenyewe, aliyekuwa amekaa kitandani anasikiliza kesi yetu kama jaji, akasema, “Hebu chomoa chaja.” Nikachomoa.

Kimya kabisa. Tuliangua kicheko wote wawili. Nikachomeka, mmmmmmm. Nikachomoa, kimya. Siku nne za mateso na elfu 18, na jibu lilikuwa kwenye chaja.

Sasa ungedhani kesi imeisha: asome kwa betri. Betri ya Wakili inadumu dakika 40 ikijitahidi. Na ungedhani chaja ni mbovu, tununue nyingine. Hapana. Chaja ilikuwa nzima. Sabufa nzima, laptopu nzima, waya mzima. Ubovu ulikuwa kwenye namna vilivyounganishwa, na hapa naomba uniazime subira kidogo maana ndipo penyewe.

Chaja ya Wakili ina plagi ya pini tatu. Ile pini ndefu ya juu ni ya ethi. Sabufa yangu nayo ampu yake iko kwenye kasha la chuma, na plagi yake ni ya pini tatu. Chaja ilikuwa kwenye soketi ya kichwani kwa kitanda cha Wakili; sabufa kwenye soketi ya karibu na mlango. Ethi za soketi hizo mbili zinakutana huko nyuma ya ukuta. Upande wa mbele, laptopu na sabufa zimeunganishwa kwa waya wa sauti, na ndani ya waya huo kuna njia tatu: ya kushoto, ya kulia, na ya tatu ya pamoja inayoitwa graundi, ambayo katika vifaa vyetu imefungwa na ethi kila upande.

Fuata kwa kidole. Anza kwenye sabufa, pita graundi ya waya wa sauti mpaka laptopu, shuka kwenye chaja, ingia ethi ya soketi ya kitandani, zunguka nyuma ya ukuta, tokea soketi ya mlangoni, rudi kwenye sabufa. Umefanya duara zima. Mafundi wa sauti wanaliita kitanzi cha graundi.

Duara la waya kwenye jengo lililojaa umeme halikai tupu. Ethi ya soketi moja na ethi ya nyingine hazilingani sawasawa. Kunakuwa na tofauti ndogo, pengine elfu chache tu za volti moja, na tofauti hiyo inasukuma mkondo mdogo kuzunguka kwenye kitanzi, ukicheza mara 50 kwa sekunde. Kwako wewe elfu chache za volti si kitu. Lakini sauti inayosafiri kwenye waya huo nayo ni sehemu ndogo ya volti, na njia ya graundi ndiyo ampu inayotumia kama sifuri ya kupimia. Sifuri ikitikisika, ampu inaona sauti imetikisika. Yenyewe haijui kesi za mahakamani ni zipi na uchafu ni upi, inakuza vyote. Ule ukali wa nyuki ulikuwa uchafu wa chaja unaopita njia hiyohiyo.

Ukichomoa chaja, duara limekatika. Ndiyo maana ya kile kimya. Na simu yangu, ambayo haikuwa kwenye chaji, haikuwa na ethi ya kufungia duara. Simu ya fundi vilevile.

Habari zikasambaa kwenye korido, na jirani yetu mmoja wa uhandisi akaja na koleo. “Mwanangu, hiyo ni ethi. Kata hiyo pini ya plagi ya sabufa, mchezo umekwisha.” Alikuwa sahihi kabisa kuhusu chanzo, na mvumo kweli ungekwisha. Nakiri kwamba kwa sekunde kadhaa nililiangalia lile koleo kwa tamaa. Siku zilikuwa zimebaki tano.

Ethi inafanya kazi gani? Siku zote haifanyi kitu. Inasubiri siku moja mbaya: waya wa moto ndani ya sabufa unakatika ganda, au skrubu inalegea, na umeme unagusa kasha la chuma. Ethi ikiwepo, mkondo mkubwa unakimbilia huko mara moja, fyuzi iliyo ndani ya plagi inaungua au swichi kuu inaruka, kila kitu kinazima. Utasonya, utapeleka kwa fundi, uko hai. Ethi isipokuwepo, hakuna kinachoruka. Sabufa inaendelea kuimba kama kawaida huku kasha lake lina volti 230, linasubiri mkono.

Na huyu ni Wakili. Kila kitu chumbani anakiona kwa mkono. Akitafuta kitufe cha kuwashia, anapapasa kasha lote la sabufa kuanzia juu. Mimi ningeweza kuishi na sabufa ile miaka mitano bila kugusa chuma chake. Yeye hupitisha kiganja chake pale mara kumi kwa siku, mara nyingine ametoka kunawa. Nilimwambia jirani arudishe koleo lake, na simlaumu, nia yake ilikuwa njema. Ila tangu siku hiyo nikiona plagi iliyokatwa pini ya ethi mwili unanisisimka. Ninyi mnaosokomeza kalamu kwenye tundu la ethi ili plagi ya pini mbili iingie: lile tundu linafungua vile vifuniko vidogo vya ndani vinavyozuia kitu kugusa umeme. Pini ya ethi imefanywa ndefu ili itangulie, ivifungue. Kalamu yako inafanya kazi ya mlinzi aliyemfungulia mwizi geti.

Tulifanya hivi. Kwanza tukahamisha vyote, chaja na sabufa, kwenye ekstensheni moja, kwenye soketi moja. Ethi zao sasa zinakutana sentimita chache tu kutoka kwenye plagi. Lile duara kubwa la kuzunguka chumba likawa duara dogo. Mvumo ulipungua sana, nadhani robo tatu ulikwenda. Kwa mtu wa muziki hapo pangetosha, na ndiyo dawa ninayoshauri ujaribu kabla ya zote, ni bure. Hakikisha tu ekstensheni ni ya kweli. Nimeshafungua moja yenye matundu matatu kwa nje, ndani nikakuta nyaya mbili tu, tundu la ethi halijaunganishwa na chochote. Pambo.

Wale nyuki, ingawa wachache, walibaki. Tukajaribu Bluetooth, maana sabufa inayo, na hewani hakuna waya wa kufanya duara. Kelele ikaisha yote. Mimi nikashangilia, Wakili akakunja uso. Bluetooth inachelewa. Kwenye muziki huoni tofauti, lakini yeye kila akibonyeza kitufe anasubiri kusikia alipo, na sauti ikichelewa kidogo tu anakuwa kama anatembea gizani na miguu ya kuazima. Mbaya zaidi, kukiwa na ukimya kidogo sabufa inalala, na neno linalofuata linakatwa kichwa. “Haikubaliki” inasikika “kubaliki”. Fikiria hiyo kwenye hukumu.

Dawa yenyewe tuliikuta kwa fundi wa redio za magari. Magari yanasumbuliwa na ugonjwa huohuo, ule mlio unaopanda dereva akikanyaga mafuta, kwa hiyo wao wanauza kidude kidogo kinachochomekwa katikati ya waya wa sauti. Ndani yake kuna transfoma mbili ndogo, moja ya kushoto, moja ya kulia. Kila transfoma ina koili mbili zisizogusana. Sauti inaingia koili ya kwanza, inageuka kuwa sumaku inayotikisika, na sumaku hiyo inazaa umeme kwenye koili ya pili, jambo aliloligundua Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831. Sauti inavuka, lakini waya kwa waya hakuna mguso, hivyo kitanzi kimekatika. Na ethi zote mbili zimebaki mahali pake zikisubiri siku yao mbaya. Kidude hicho kilinigharimu chini ya nilichomlipa fundi wa kapasita. Kina kasoro moja: cha bei rahisi kinapunguza besi kidogo. Wakili hana shida na besi.

Baada ya hapo chumba chetu kikageuka zahanati. Nilipokea wagonjwa kadhaa katikati ya maandalizi ya UE, na karibu wote walikuwa na magonjwa mepesi kuliko wetu.

Wa kwanza alikuja na ile ti-ti-tit. Nikamuuliza kitochi kiko wapi, akakitoa juu ya spika. Simu za 2G hazirushi mawimbi mfululizo. Zinarusha kwa vipande, karibu mara 217 kwa sekunde, na kwa nguvu inayoweza kufika wati 2. Waya wa spika unaviokota vipande hivyo. Ndiyo maana spika inajua simu itaita kabla simu yenyewe haijaita. Sogeza kitochi mita moja, umepona.

Mwingine alikuwa na shhhh. Huyo alikuwa ameweka volyumu ya laptopu asilimia 20, na ya spika mpaka mwisho. Kila ampu ina mchakarisho wake wa asili, hata iwe nzima kiasi gani, kwa sababu elektroni ndani ya waya wenye joto hazitulii. Johnson na Nyquist walilieleza hilo mwaka 1928 wakiwa Bell Labs huko Marekani. Huwezi kuufuta, unaweza kutouchochea. Ni kama mhadhiri anayenong'ona kwenye maikrofoni, halafu fundi mitambo anapandisha sauti ukumbi usikie: mnaishia kusikia feni na vikohozi vya mstari wa mbele. Mhadhiri aongee kwa nguvu, fundi ashushe. Panda na laptopu mpaka asilimia 80 au 90, kisha shusha spika. Na ukiwa huko kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, angalia kwamba maikrofoni haijawekwa alama ya kusikilizwa moja kwa moja kwenye spika. Kuna mmoja alikuwa anasikia chumba chake mwenyewe na kudhani ni kelele.

Chakra-chakra inayotokea ukizungusha kitufe ni vumbi ndani ya kitufe. Zima, chomoa, kizungushe mwanzo mpaka mwisho mara thelathini hivi. Mara nyingi kinajisugua chenyewe. Ikitokea ukitikisa waya, basi ni ile pini nyembamba ya sauti haijaingia vizuri au ina uchafu.

Aliyenipa hofu ni dada mmoja wa bweni la pili, ambaye laptopu yake ilikuwa “inamtekenya” akiigusa sehemu ya chuma, na spika zake zilikuwa zinavuma lakini zinanyamaza kila akiweka mkono juu ya laptopu. Alidhani ni kipaji. Ugonjwa wake ulikuwa kinyume cha wetu: sisi tulikuwa na ethi mbili, yeye hakuwa nayo hata moja. Chaja za pini tatu zina kapasita ndogo za kuchuja uchafu, ambazo kazi yake ni kuutupa kwenye ethi. Ethi isipokuwepo, uchafu unapanda kwenye chuma cha laptopu. Mkondo ule ni mdogo, unatekenya tu, ila ulikuwa unamwambia soketi yake haina ethi inayofanya kazi. Tulijaribu chaja ileile kwenye soketi ya chumba cha jirani, mtekenyo ukaisha. Alipeleka taarifa ofisi ya bweni, wakaja kurekebisha baada ya yeye kurudi mara tatu. Ukitekenywa, usikubali kuambiwa ni kawaida.

Wakili aliingia UE akiwa amesoma usiku tano mfululizo bila mguno. Usiku wa kwanza wa kimya, nilikuwa nimeshalala, nikasikia ananiita. “Umeizima sabufa?” Nikamwambia ipo hewani, taa yake ya bluu inawaka. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba mvumo ule ndio uliokuwa taa yake. Akiusikia alijua imewashwa. Sasa hajui.

Asubuhi nilimkatia kipande cha plasta ya kidonda, tukakibandika kwenye upande wa kuwashia wa swichi ya soketi. Anapapasa hapo kwanza.